Tahadhari: "Kompresa yenye tangi" inayouzwa mtandaoni hapa Mbeya, tangi lake ni ganda tupu

Wakuu, nimepigwa. Shilingi 285,000, pesa niliyoipata kwa kuuza mifano miwili ya mabasi, imekwenda kwa jamaa anayeuza "seti kamili ya eabrashi" mtandaoni na kudai yuko Mwanjelwa. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaotengeneza mifano, iwe ya mabasi kwa PVC na karatasi ngumu kama mimi, au zile ndege na vifaru vya plastiki vya Tamiya. Dada zetu wa keki na wa kucha nanyi msome, maana huyu mtu anatuuzia sote kitu kilekile. Mtaelewa baadaye kwa nini nasema kilekile.

Kwa asiyeijua, eabrashi ni kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, na kompresa ndiyo mashine inayoipa hewa hiyo. Ndiyo inayofanya basi la sentimita 60 lionekane limetoka kiwandani. Mimi nilikuwa natumia rangi za kopo, zile za kubonyeza kwa kidole, na mistari ya ubavuni ilikuwa inanitoa jasho. Kopo halikusikilizi. Likiamua kutema, limetema.

Tangazo lilisema hivi: dabo ekshen, nozeli 0.3, kompresa ya tangi lita 3, psi 150, orijino Japani. Dabo ekshen maana yake kibonyezo kimoja, ukikibonyeza kinatoa hewa, ukikivuta nyuma kinatoa rangi; nozeli ni tundu la kutokea rangi, kwa milimita; psi ni kipimo cha msukumo wa hewa. Picha ilikuwa safi. Mota juu, tangi jeusi la chuma limelala chini, geji, chujio la maji pembeni, mpira wa kusukwa. Nikapiga simu. Akanijibu kwa heshima zote, akasema duka liko kwenye ukarabati kwa hiyo mizigo anatuma kwa boda. Nikamwambia nataka nije niione ikiwaka. "Bosi wangu, zimebaki mbili, na moja ameshailipia mtu wa Tukuyu." Nikatuma pesa. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri halikuwa alilojitambulisha kwalo. Nikajisemea labda ni la mke wake. Ndivyo nilivyojijibu, mtu mzima mwenye akili zangu.

Mzigo ulifika jioni. Kwa macho ulifanana na wa kwenye picha, ila niliuinua kwa vidole viwili. Hapo ndipo nilipotakiwa kumwita yule kijana wa boda kabla hajawasha pikipiki. Kompresa ya aina ile yenye tangi la chuma inakaribia kilo tano; ni mzigo unaousikia mkononi.

Siku ya kwanza nilijilaumu mwenyewe. Mstari wa bluu ulitoka na vidoti vidoti, unanenepa na kukonda kama mwandiko wa mtu anayeandika ndani ya coaster kwenye kona za Kitonga. Nikaongeza thina hadi rangi ikawa nyepesi kama maziwa, maana ndivyo inavyotakiwa. Hola. Nikashusha hewa, nikapandisha, geji inacheza tu. Baada ya dakika kumi mota ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na haikuzima hata mara moja. Mwishowe kalamu ikaanza kutema matone ya maji juu ya rangi mbichi, ubavu mzima wa basi ukawa kama ganda la chungwa. Nikaupiga msasa wote. Kazi ya wiki mbili.

Nilipoifungua kalamu kuisafisha nikakuta kitu cha waridi kimeganda kwenye nyuzi za nozeli, kinanata. Nikadhani ni gundi ya kiwandani. Kumbukeni hiyo waridi.

Nikaipeleka kompresa kwa fundi friji, maeneo ya Sido. Hakumaliza hata dakika tano. Alifungua skrubu nne za kitako, akachungulia, akacheka hadi nikaona aibu. "Mdogo wangu, hili tangi ni pambo." Ni bati jembamba lililokunjwa na kupakwa rangi nyeusi, halina bomba linaloingia wala linalotoka. Mpira wa hewa unatoka moja kwa moja kwenye kichwa cha pampu. Na pampu yenyewe ni ile ya volti 12 ya kujazia matairi ya gari, imefungwa na adapta ndogo ya umeme ndani ya ganda. Geji ndiyo pekee ya kweli.

Sasa hapa ngoja nieleze kidogo, kwa sababu mimi nilidakwa na ile "psi 150", na najua wengi mtadakwa nayo. Psi 150 ni sifa ya pampu ya tairi. Kupulizia rangi kwenye mfano kunahitaji psi 15 hadi 20, yaani bar moja na kidogo. Namba kubwa haikusaidii chochote. Unachohitaji ni hewa inayotoka kwa utulivu bila kukatika, na hilo hupimwa kwa lita kwa dakika. Kompresa ndogo za pistoni moja zinazotumika kwenye kazi hii hutoa kama lita 20 hadi 23 kwa dakika. Pistoni inapiga kwa mapigo, pu-pu-pu, na tangi ndilo linalomeza mapigo hayo ili kalamu ipate mkondo mmoja. Tena tangi ndilo linaloipumzisha mota: nyingi hujizima zikifika bar 4, zinawaka tena ikishuka bar 3. Bila tangi mota inafanya kazi mfululizo, hewa inatoka ya moto, na ikipoa kwenye mpira unyevu wake unageuka maji. Mnajua ukungu wetu wa asubuhi ulivyo kipindi cha mvua. Yale matone yaliyoniharibia basi ndiyo hayo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Dar hawalifikirii kwa sababu wao wako usawa wa bahari. Sisi hapa mjini tuko kama mita 1,700 juu, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Pistoni inavuta ujazo uleule, lakini hewa iliyomo ni pungufu. Kwa hiyo kompresa inayotosha kwa shida Kariakoo, ikifika Mbeya haitoshi. Chukua yenye ziada kidogo.

Turudi kwa jamaa. Nilimpigia nikamweleza alichosema fundi. Mara ya kwanza: "Mkuu, hujaizoea tu, hizo zinataka uzoefu." Mara ya pili: "Mzigo ukishafunguliwa haurudi, hiyo ni sheria ya dukani." Mara ya tatu nikamtajia polisi, sauti ikalainika kabisa. Akasema yeye hapendi ugomvi na wateja, kwa hiyo kwa ubinadamu yuko tayari kuinunua tena kwa 60,000, nimpe boda aje nayo. Nilikaribia kukubali. Mtu akishalizwa 285,000, hata hiyo sitini inaonekana kama pesa. Lakini nikajiuliza, kifaa kibovu namna hii anakitakia nini?

Jibu lilitoka Iringa. Niliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp la watengeneza mifano, mwenzetu mmoja akamwonyesha dada yake anayepamba keki kule Iringa mjini. Yule dada akanipigia usiku uleule. Alinunua seti kama hiyo mwezi Machi, ikatumwa kwa basi, ikamfanyia vilevile vidoti juu ya keki ya harusi. Akambana jamaa kwa maneno hadi akakubali kuichukua, akamrudishia 80,000. Tukawa tunasimuliana, tunasikitika, mara akaniuliza: "Kaka, hebu geuza hiyo mashine. Kwenye mguu mmoja wa mpira hakuna alama ya rangi ya kucha, nyekundu? Mimi vyombo vyangu vyote naweka alama, kwa sababu ya kuazimana."

Nikaigeuza. Ipo. Doti nyekundu, mguu wa nyuma kushoto.

Na ile waridi iliyoganda kwenye nozeli ilikuwa rangi yake ya keki, pamoja na sukari zake.

Kwa hiyo ndugu zangu, huyu hana stoo ya mizigo. Ana mashine chache zinazozunguka. Anakuuzia kwa karibu laki tatu, ukilalamika sana anainunua kwa sitini au themanini, anaifuta vumbi, anamuuzia mwingine wa mkoa wa jirani. Hasara inabaki kwetu, mashine inarudi kwake. Dada wa keki yeye alinitia hofu zaidi: fikiria ingekuwa kinyume, kalamu itoke kwangu na rangi za gari na thina ndani ya koo lake, iende ikapulizie keki ya watoto. Kalamu iliyopita rangi ya mafuta haifai tena kwa chakula hata uioshe vipi.

Kuhusu kalamu yenyewe, ilikuwa na jina la Iwata, kampuni ya Japani inayotengeneza kalamu hizi, lililoongezwa herufi moja. Sindano ya ndani inayopitisha rangi imepinda kwenye ncha, jambo linaloonekana ukiiviringisha juu ya kioo, ncha inachora duara. Ukiweka maji kwenye kikombe na kubonyeza, mapovu yanapanda kikombeni. Mapovu hayo maana yake hewa inavuja kurudi nyuma, nozeli haijakaa sawa au imepasuka. Kipimo hicho hakichukui dakika moja na unaweza kukifanya mbele ya muuzaji kwa maji ya kunywa.

Kompresa nayo, mwambie aiwashe huku umeziba hewa, ukae kimya uisubiri ijizime yenyewe. Ikizima, zima swichi, kisha bonyeza kalamu: yenye tangi la kweli itaendelea kutoa hewa kwa muda huku mshale wa geji ukishuka taratibu. Yangu ilikata palepale, kama kufunga bomba. Ligonge tangi kwa ukucha pia, utasikia bati au chuma. Kama yuko mbali, dai akutumie video ya kitendo hicho akitaja jina lako na tarehe ya siku hiyo. Picha ni za kuokota. Angalia kibandiko cha volti: zipo mtumba za 110 kutoka Marekani, ukizichomeka kwenye umeme wetu wa 230 zinaungua. Na uulize nyuzi za mpira. Kalamu nyingi za mtindo wa Iwata hutumia nyuzi za moja ya nane ya inchi, lakini kalamu za kampuni za Badger na Paasche zina nyuzi zao, utahitaji kiunganishi.

Ukipata ya kweli, kwa kazi zetu kalamu ya dabo ekshen yenye kikombe juu na nozeli 0.3 inatosha, na 0.5 ya kupigia prima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, ukiweza. Usihangaike na 0.2, itakuziba kila dakika.

Wengine mtaniambia tengeneza ya kompresa ya friji. Ni nzuri kweli, haina kelele, nami ndiyo ninayojengewa sasa na yule fundi wa Sido. Ila msikate mabomba ya friji wenyewe. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, inayoshika moto. Na tangi liwe na vali ya usalama, si mtungi wa kutu uliookotwa. Halafu, kwa kuwa ni Juni na baridi mnaijua, usipulizie thina chumba kimoja na jiko la mkaa. Hilo halina uhusiano na tapeli, nimelisema tu kwa kuwa nimeliona kwa jirani.

Kituoni nimefika, RB ninayo. Afande aliniuliza risiti ya EFD, sina. Aliniuliza kwa nini nilituma kwa namba ya mtu binafsi badala ya lipa namba ya biashara, sikuwa na jibu. Jumbe zake nimezituma pia kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Jana usiku nimeliona tangazo tena. Picha ileile, jina la ukurasa limebadilika, bei imeshuka hadi 265,000, na "zimebaki mbili". Anayoiuza sasa si hii. Hii sikumrudishia. Iko juu ya kabati langu imelala kifudifudi, ile doti nyekundu inaonekana ukiingia tu mlangoni.