Splatalogue, CDMS na JPL: uanze na ipi kama unaishi kwa bando

Kama upo hapa Arusha na unachezea data za ALMA, ile darubini ya redio ya kule Chile, zile ambazo kwa kawaida zinaachiwa kila mtu baada ya miezi 12, lazima utafika mahali unajiuliza huu mstari kwenye spektra ni wa molekyuli gani, na hapo ndo unazihitaji hizi databesi. Zote bure.

Splatalogue ya NRAO, taasisi ya unajimu wa redio kule Marekani, ndo rahisi kuanzia. Imekusanya katalogi kadhaa sehemu moja, ikiwemo CDMS ya Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, na ile ya JPL, maabara ya NASA, unaandika masafa ya mstari (GHz) inakutolea majina ya molekyuli. Balaa ni wingi, usipochuja inakumwagia kila kitu, na mstari uleule unaweza kutokea mara mbili kwa sababu umetoka katalogi mbili, mgeni anadhani kapata molekyuli mbili. Chuja kwa nishati ya ngazi ya juu, yaani ile ambayo molekyuli inashuka kutoka kwayo ikitoa mstari, bakiza molekyuli zilizokwisha kuonekana angani, utapumua. Halafu kumbuka kasi ya chanzo chako, kaboni monoksaidi maabara iko GHz 115.271 ila kwa galaksi inayokwenda mbali nasi utaikuta chini ya hapo.

Mimi lakini mtu wa CDMS. Sura ya kizamani kweli, faili ni maandishi matupu, namba zimebanana kama abiria wa kifodi saa kumi na mbili jioni, ila ndo inafunguka chap hata mtandao ukisuasua na ukishaishusha umeme ukikatika unaendelea na laptopu yako. Sasa hapa pana kitu kinachanganya wengi: ukali wa mstari kwenye CDMS na JPL umepigiwa hesabu kwa kelvini 300, yaani joto la chumbani, wakati wingu baridi la gesi liko kama kelvini 10 hivi, kwa hiyo mstari mkali kwenye katalogi unaweza usiuone kabisa kwenye data yako, hasa kama unaanzia ngazi ya juu ya nishati. Piga hesabu upya, katalogi zenyewe zinakupa namba za kazi hiyo kwa joto mbalimbali, JPL inashuka mpaka kelvini 9.375.

Mambo ya molekyuli kugongana na haidrojeni usiyatafute huku, nenda LAMDA ya Leiden, Uholanzi.

Splatalogue nyota 4, CDMS 5, JPL naifungua pale molekyuli yangu inapokosekana CDMS. Wa Python tumieni maktaba ya astroquery, inazifikia zote nne.