Equiano au Douglass, kijana wa sekondari aanze na kipi likizo hii?

Hawa wawili wote waliwahi kuwa watumwa na wote waliandika maisha yao kwa mkono wao, ila kuwasoma ni vitu viwili tofauti kabisa. Kitabu cha Frederick Douglass kilitoka 1845, kifupi, hata kijana mvivu wiki moja kamaliza, na kuna ile sehemu mke wa bwana wake anamfundisha herufi halafu mume anakuja juu eti mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa, basi dogo ndo akashtukia siri iko wapi, akawa anajifunza kwa watoto wa kizungu wa mtaani huko Baltimore, Marekani, kwa kuwahonga mkate. Hapo hata asiyependa vitabu lazima aendelee.

Olaudah Equiano yeye kitabu chake kilitoka 1789, London. Kirefu, Kiingereza cha kizamani, na kuna kurasa za dini ambazo mi ningemruhusu aruke (walimu mnisamehe). Lakini safari zake sasa! Manowari, Karibi, mpaka msafara wa kuelekea Ncha ya Kaskazini 1773, na uhuru wake alijinunulia mwenyewe 1766 kwa pauni 40. Tena wanahistoria bado wanabishana kama kweli alizaliwa Afrika au South Carolina huko Marekani, kwa hiyo kama kijana wako ni mbishi mpe hiki, atapata cha kuchimba. Wengine wote waanze na Douglass.