Chuo cha avioniki karibu na Wilson: karakana nzuri, maelezo ya leseni ya kupotosha

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne na kushikilia kusomea avioniki, yaani ufundi wa redio, vyombo vya uongozaji na mifumo ya umeme ya ndege, tulizunguka vyuo vitatu vya Nairobi, na tathmini hii inahusu kile cha mwisho, kilicho karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako hatimaye alijiandikisha. Jina la chuo hicho silitaji kwa kuwa nina malalamiko pia.

Kilichotuvuta ni karakana. Chuo cha kwanza kilituonyesha ukumbi mzuri na picha kubwa ya Boeing ukutani, lakini ile mikanda ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, ambayo fundi huivaa kabla ya kugusa bodi ya elektroniki, ilikuwa ingali ndani ya plastiki iliyonunuliwa nayo. Hapa Wilson mikanda imechakaa. Mwalimu alimpa binti yangu koleo la kubania ncha za nyaya, akamwacha abane, kisha akauvuta waya kwa vidole viwili nao ukachomoka. "Rudia, mama," akamwambia, naye akarudia mara nne. Kuna umeme wa volti 115 na hezi 400 kama ule wa ndege kubwa, kando yake ule wa volti 28, pamoja na kifaa cha kupimia mfumo wa pitoti, yaani ule unaoonyesha kasi ya ndege, ingawa ni kimoja tu na foleni yake inachosha.

Lalamiko langu ni la ofisi ya usajili. Karani alitueleza mara mbili kwamba mwanafunzi "anatoka hapa na leseni", jambo ambalo si kweli. Chuo humwandaa mwanafunzi kwa stashahada. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kwa anayefaulu mitihani yake na mwenye uzoefu wa kazi. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huweka muda wa chini wa uzoefu huo, ambao nchi yaweza kuupunguza kwa aliyehitimu kozi iliyoidhinishwa. Kwa sababu ya nafuu hiyo niliomba kuona cheti cha idhini, tena ule ukurasa unaotaja kozi moja moja, kwani chuo chaweza kuidhinishwa kufunza marubani na kisiwe na idhini ya avioniki. Karani hakujua ninachozungumzia. Mkuu wa idara aliutoa siku ya tatu, kozi yetu ikiwa imo na tarehe haijapita, nami sielewi kwa nini haujabandikwa mlangoni.

Nafasi za mazoezi katika mahanga ya jirani, yaani majumba ya kutengenezea ndege, tuliahidiwa kwa mdomo tu, hivyo niliomba barua kabla ya kulipa awamu ya kwanza ya karo, nikaipata. Koleo, kipima umeme na ovaroli mzazi hujinunulia.