UPS ya 650VA katika saiba yangu Kondele: uzoefu wangu

Kisumu mvua hupenda kuja jioni, tena na radi zake. Stima inapotea, inarudi, inapotea tena. Kupotea si neno. Balaa ni kurudi kwake kwa nguvu. Ndivyo ilivyoungua pawa saplai ya kompyuta moja hapa dukani, ikaondoka na hadi diski yenye kazi za wateja. Pawa saplai nilinunua nyingine. Faili hazikupatikana.

Baada ya hapo ndipo nikachukua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea. Haikufika elfu saba. Imenifaa, ila muuzaji alinidanganya kidogo: eti itabeba kompyuta tatu. 650VA si wati 650. Nyingi za saizi hii hutoa wati mia tatu na ushee. Yangu inabeba kompyuta moja ya mezani, skrini yake na rauta, basi. Stima ikienda napata dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usitarajie kumalizia mteja ritani za kodi za KRA. Na inapiga kelele! Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, saiba ikijaa, mlio ule unatia watu wazimu.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba taa zikififia kwa umeme kushuka, inaupandisha yenyewe bila kugusa betri. Printa ya leza usiichomeke humo. Ikianza kupasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS ikalemewa na kuzima kila kitu. Jirani yangu amebisha hadi leo, na kila akichapisha tunasikia kelele kutoka kwake.

Kabla ya kununua, mwite fundi wa stima akague athi, yaani waya unaopeleka umeme wa ziada ardhini. Vyumba vingi vya kupanga soketi ina matundu matatu lakini nyuma hakuna waya wa athi, na bila huo kinga ya UPS inapungua sana. Radi ikianza kunguruma karibu, mimi huchomoa yote ukutani, hata waya wa intaneti, maana umeme wa radi hupita huko pia.

Betri haidumu milele, na joto la huku huimaliza mapema. Ikichoka usitupe UPS nzima: fungua, soma maandishi ya betri (yangu ni volti 12), ununue inayolingana. Ile kuukuu wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa kilo.