Miaka miwili na OpenWrt kwenye Archer C7: nilivyoiweka, nilivyoiua, nilivyoirudisha

Uniti za Luku ziliisha saa moja kasoro usiku, ruta yangu, Archer C7, ikiwa katikati ya kuandikiwa toleo jipya la mfumo wake, OpenWrt. Laptopu ilibaki inawaka kwa betri, na kwenye kioo chake lile onyo la kutozima kifaa lilikuwa bado lipo. Ruta ilikuwa giza. Nilinunua uniti kwa simu, nikaingiza namba kwenye mita, umeme ukarudi. Taa ya umeme ya ruta ikawaka, zilizobaki zikakataa. Nilisubiri dakika tano, nikazima, nikawasha. Vilevile.

Ruta hiyo ndiyo inayolisha steshenari yangu hapa Morogoro, karibu na chuo kikuu cha SUA. Nina kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na wanafunzi wanaokuja kuchapa ripoti, kuomba mikopo na kupakia vyeti kwenye mifumo ya ajira. Siku ya mwisho ya maombi yoyote, duka linajaa hadi barazani. Intaneti ikilala siku kama hiyo, kuna mtoto wa watu anakosa nafasi. Kwa hiyo ninapoeleza uzoefu wangu na OpenWrt, nausema kama mtu anayekula kwa kifaa hiki.

Shida yangu ya mwanzo haikuwa kasi. Nalipia Mbps 10 za kushusha na 5 za kupandisha, na kila nilipopima kukiwa kimya nilizipata. Tatizo lilikuwa hili: mteja mmoja akianza kupakia faili kubwa, kompyuta nyingine tatu zinaganda. Ukurasa haufunguki, fomu inagoma kutuma, watu wanadhani mtandao umekatika. Nilibadilisha waya, nikahamisha ruta juu ya kabati, nikataka hata kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Ndipo mwanafunzi mmoja anayesoma informatiki akaniambia, "Anti, hebu tupingi wakati huyu anapakia." Tukapingi 8.8.8.8, yaani tukatuma ujumbe mdogo kwenye anwani hiyo tukapima unachukua muda gani kujibiwa. Bila mzigo, milisekunde 40 hivi. Mzigo ulipoanza, 600, 800, 900. Akanieleza kwamba pakiti, yaani vipande vya data, zinapanga foleni ndefu ndani ya kifaa, na kila dogo linalokuja linasimama nyuma ya faili kubwa, kama mtu mwenye karatasi moja ya fotokopi anayesimama nyuma ya mwenye vitabu vitatu. Mfano huo niliuelewa mara moja, maana foleni hiyo naiona kila siku mbele ya mashine yangu.

Dawa yake inaitwa SQM, programu ya ruta inayosimamia foleni hiyo, na ndiyo iliyonileta OpenWrt.

Kwa asiyeijua: ruta ni kompyuta ndogo, na mfumo uliomo ndani yake, yaani fimwea, unaweza kuondolewa ukawekwa mwingine, kama fundi anavyoflashi simu. OpenWrt ni mfumo wa Linux wa bure ulioanza mwaka 2004, kwenye ruta ya Linksys iliyoitwa WRT54G. Ndani ya WRT54G mlikuwa na Linux, na leseni ya GPL inamtaka anayegawa Linux atoe na msimbo wake. Watu wakaudai, mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na kuanzia hapo wapenzi wa mambo haya wakaanza kujenga ya kwao. Mwaka 2016 baadhi ya waandishi walijitenga wakaanzisha LEDE, na mapema 2018 wakarudi wakaungana chini ya jina la OpenWrt. Mimi historia hiyo inanipa imani. Mradi uliogombana, ukaachana na ukapatana tena bila kufa ni mradi wenye watu.

Nilinunua TP-Link Archer C7 iliyotumika, toleo la 2, kwa shilingi 65,000 Kariakoo, ikaja na basi hadi Msamvu. Niliichagua kwa sababu ina MB 16 za kuhifadhia mfumo na MB 128 za RAM, inatosha OpenWrt na programu za ziada, na ina matundu mawili ya USB nitakayoyaeleza baadaye. Tafadhali geuza kifaa ukasome kibandiko cha chini kabla hujatoa hela. Archer C7 zinafanana sura lakini toleo la 1 waifai yake ya 5 GHz haifanyi kazi kwenye OpenWrt, na toleo la 4 na la 5 kila moja lina faili lake. Ukiweka faili la toleo jingine, umejitafutia usiku mrefu.

Kuiweka kwenyewe kulinichukua chini ya nusu saa. Kuna faili la aina mbili. Lenye neno factory ni la kutokea mfumo wa kiwandani kwenda OpenWrt, na lenye neno sysupgrade ni la aliyekwisha kuwa ndani ya OpenWrt anayepanda toleo. Nilipakua la factory, nikalinganisha sha256 yake, yaani namba ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, nikaunganisha waya kutoka laptopu hadi tundu la LAN (usiflashi kwa waifai, hata kama unaona inashika vizuri), nikalipandisha kupitia ukurasa uleule wa kusasisha ruta. Baada ya dakika chache nikafungua 192.168.1.1, jina root, bila nywila. Wengi hushtuka hapa wakidhani wameharibu, kwa sababu waifai haionekani. OpenWrt huzima waifai mpaka mwenyewe uiwashe. Weka nywila kwanza, chagua nchi TZ, andika jina la mtandao, washa.

Kisha nikaweka luci-app-sqm, programu ya kuwekea SQM. Nikachagua cake, njia mojawapo ya kupanga foleni, nikaipa kilobiti 9,000 za kushusha na 4,500 za kupandisha, yaani chini kidogo ya ninacholipia, ili foleni ijengeke kwenye ruta yangu ninayoitawala na si mahali pengine. Tukarudia kipimo kilekile, mtu anapakia faili, tunapingi. Ilikaa kati ya 45 na 60. Nilimwambia yule kijana arudie tena, nikarudia na mimi mwenyewe baada ya kufunga duka. Kiasi nilichopoteza ni sehemu moja ya kumi ya kasi. Nilichopata ni duka ambalo watu wanne wanafanya kazi nne bila kuumizana, na sikulipia kifurushi kikubwa. Mmoja wa waliopigania jambo hili kwa miaka, Dave Täht, alifariki Aprili 2025. Sikuwahi kuwasiliana naye, lakini kazi yake na wenzake iko ndani ya boksi lililo juu ya kabati langu, na namshukuru.

Mara ya kwanza kujifungia nje ilitokea miezi michache baadaye. Nilikuwa nataka kutenga kompyuta za wateja na ile ya hesabu zangu, nikaingia sehemu ya Switch, nikabadili namba za VLAN, zinazogawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana, nikahifadhi. Ruta ikawa haifikiki kwa waya wala kwa waifai. Kwa hali hiyo dawa ni rahisi na kila mtumiaji aijue: hali ya failsafe, ambamo ruta inawaka bila kutumia mipangilio yako. Unaipa laptopu anwani 192.168.1.2 kwa mkono, unawasha ruta, taa inapoanza kumeta unabonyeza kitufe cha reset. Taa inameta kwa kasi zaidi, na hapo unaingia kwa kuandika amri kwenye laptopu: ssh root@192.168.1.1. Ukiandika mount_root unaweza kurekebisha faili ulilokosea. Ukiandika firstboot kisha ukawasha upya, mipangilio yote inafutika unaanza upya. Mimi nilikuwa na nakala ya mipangilio, nikafuta yote, nikairudisha, dakika kumi nikawa hewani.

Sasa turudi kwenye ule usiku wa Luku, mwanzoni mwa 2024, nilipokuwa natoka toleo la 22.03 la OpenWrt kwenda 23.05.

Failsafe haikusaidia, kwa sababu failsafe imo ndani ya OpenWrt, na OpenWrt ilikuwa imeandikwa nusu. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaiwasha, akaitazama, akasema, "Dada, hii imekufa. Nunua nyingine." Nikamuuliza, "Umeijaribu kwa TFTP, kaka?" Akasema hiyo haijui, yaani ile njia ya kukipa kifaa faili kupitia waya wa mtandao. Nikaichukua nikarudi nayo dukani.

Ninachotaka msomaji abaki nacho ni hiki: kuna sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo sysupgrade haiigusi. Humo mna butiloda, programu fupi inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuuita mfumo. Mfumo ukiharibika, butiloda iko palepale. Na ya Archer C7 ina tabia nzuri sana: ukiwasha ruta huku umeshikilia kitufe cha WPS/Reset, inageuka na kuomba faili la kuokolea kutoka kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Kwa toleo la 2 inaomba faili lenye jina ArcherC7v2_tp_recovery.bin, hilo na si jingine. Ukiwa na kompyuta yenye anwani hiyo, inayogawa faili hilo kwa TFTP, ruta inajiandika yenyewe.

Nilitumia bando la simu kupakua Tftpd64, programu ya Windows ya kugawa faili kwa TFTP, na faili la factory la OpenWrt, nikalibadili jina. Mara ya kwanza haikutokea kitu. Ukuta wa moto wa Windows ulikuwa unazuia, nikauzima kwa muda. Mara ya pili, kimya tena. Hapa nilipoteza karibu saa nzima mpaka nilipogundua kwamba Windows inaficha viambishi vya majina ya faili, kwa hiyo nilipoandika .bin mwishoni nililipa faili jina linaloishia .bin.bin. Washa uonyeshaji wa viambishi kabla hujaanza, utanikumbuka. Mara ya tatu niliona ombi likitokea na kukatika. Ruta inapozimwa, kadi ya mtandao ya laptopu nayo inaona waya umekufa, na inapoamka inachelewa, butiloda ikiwa imeshachoka kungoja. Nikaweka swichi ndogo ya matundu matano katikati ya laptopu na ruta, ili laptopu ione waya hai muda wote.

Mara ya nne nikashikilia kitufe, nikawasha, taa ya WPS ikawaka, nikaachia. Kwenye Tftpd64 mstari ukatokea: faili limeombwa, linatumwa, limekwisha. Nilikaa mikono mapajani bila kugusa kitu. Zamu hii nilikuwa nimehakikisha Luku ina uniti za kutosha. Dakika chache baadaye taa zikaanza kumeta moja baada ya nyingine, nikairudisha laptopu kwenye anwani ya kujipatia yenyewe, nikafungua 192.168.1.1. Ukurasa wa OpenWrt ukanifungukia. Nilimpigia simu yule mwanafunzi, akapiga kelele za furaha kuliko mimi.

Jambo moja kuhusu kupanda toleo ambalo sikuambiwa: mipangilio inabaki lakini programu ulizoongeza zinaondoka. Baada ya kupanda, SQM haipo, na usipojua utadhani toleo jipya ni bovu. Unaiweka tena, nayo inakuta mipangilio yake ya zamani inaisubiri.

Matundu ya USB nimeyatumia kwa laini ya akiba. Faiba ikikatika, nachomeka simu yenye bando, na kwa programu za kmod-usb-net-rndis (ya kuitambua simu) na mwan3 (ya kubadili laini) ruta inahamia kwenye simu bila wateja kuinuka kwenye viti. Kwangu hilo peke yake lina thamani ya ile 65,000.

Je, nampendekezea kila mtu? Hapana. Kwa nyumba ya watu wawili wanaotazama video jioni, ruta ilivyotoka kiwandani inatosha. Mwenye kasi kubwa sana ajue pia kwamba kichakataji cha C7 ni cha MHz 720, na SQM inakitumikisha. Kwa Mbps 10 zangu hakihangaiki, kwa mia kadhaa tafuta kifaa chenye nguvu zaidi. Lakini mwenye duka, ofisi ndogo, shule au kikundi cha watu wanaogawana laini moja nyembamba, namsihi ajaribu, na afanye lile ambalo mimi sikufanya: kabla ya kuflashi, awe tayari na faili la kuokolea lenye jina sahihi, Tftpd64, nakala ya mipangilio na waya, vyote kwenye flashi moja. Ukijaribu kuvitafuta wakati ruta iliyolala ndiyo intaneti yako pekee, utanunua bando kama nilivyonunua mimi.

Flashi yangu imefungwa kwa utepe nyuma ya kabati, pamoja na karatasi yenye zile anwani mbili, 192.168.1.2 ya failsafe na 192.168.0.66 ya TFTP. Ruta iko kwenye 24.10 sasa, niliipandisha asubuhi, ikiwa imechomekwa kwenye UPS ndogo niliyonunua wiki ileile ilipofufuka.