Hatifungani ya Serikali ya miaka 20 kwa anayekaribia kustaafu: tathmini baada ya kuponi nane

Mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 56 na nimebakiza minne kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, nilikuwa na shilingi milioni 32 zilizotokana na kuuza kiwanja na akiba yangu ya SACCOS ya kazini. Zilikaa miezi saba katika akaunti ya kawaida huku kila ndugu akija na ushauri wake, mmoja akitaka ninunue bodaboda tatu na mwingine akinisihi nijenge vyumba vya kupangisha Chanika. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, nao ulikuwa haujatulia, na nilijua kwamba mkupuo wangu, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, hautakuwa ile nusu ya mafao waliyoizoea wenzetu wa zamani (kuanzia Julai 2022 uliwekwa asilimia 33). Nilihitaji kitu kitakachonilipa bila kunidai nguvu, na hatimaye milioni 20 nilizipeleka katika hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani niliikopesha Serikali kwa muda huo, nayo hunilipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka kwa malipo ya kila miezi sita yaitwayo kuponi.

Ununuzi wenyewe ndio sehemu iliyonichosha. Hatifungani huuzwa na Benki Kuu kwa mnada siku ya Jumatano, lakini mtu wa kawaida hupitia kwa wakala, yaani benki ya biashara au dalali wa soko la hisa, ambaye humfungulia akaunti katika daftari la dhamana za Serikali na kumpelekea zabuni. Benki niliyoiendea ilikaa na fomu zangu mpaka mnada ukapita, na kwa kuwa hatifungani za miaka 20 haziuzwi kila wiki, nilingoja wiki kadhaa fedha zikiwa hazizalishi chochote. Ofisa aliyenihudumia alikuwa mpole na mwenye heshima, ila hakuweza kunieleza tofauti kati ya zabuni ya ushindani, ambapo wewe mwenyewe unataja bei, na isiyo ya ushindani, ambapo unakubali kulipa wastani wa bei za walioshinda. Nilikuja kuelezwa na mstaafu mmoja tuliyekuwa tumekaa naye kwenye benchi, na kwa ushauri wake nikachagua hiyo ya pili, ambayo naiona ndiyo inayomfaa mtu asiyefuatilia soko kila siku.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani ya hatifungani, na si lazima iwe 100 kamili. Bei ikiwa 102, hatifungani ya milioni 20 itakugharimu milioni 20 na laki nne, lakini riba utalipwa juu ya milioni 20 tu, na siku ya kuiva utarudishiwa milioni 20 hizo hizo. Anayekwenda na fedha kamili mfukoni bila akiba ya pembeni anaweza kujikuta amepungukiwa.

Baada ya hapo, sina lalamiko. Kila baada ya miezi sita imeingia shilingi 1,549,000 katika akaunti yangu, bila kukatwa kodi, ilhali riba ya amana ya muda maalumu ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kuponi nane zimenipa shilingi 12,392,000 na mtaji bado upo. Mwaka 2022 Serikali ilipopunguza riba za hatifungani mpya za muda mrefu, ambapo ya miaka 25 ilishuka kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, sisi tuliokuwa tumetangulia tuliendelea kulipwa kwa kiwango chetu cha awali, na dalali mmoja alinipigia simu kuniuliza kama nauza. Uhakika huo ndio thamani kubwa ya bidhaa hii.

Hata hivyo, iko kasoro isiyoonekana kwenye tangazo. Shilingi 1,549,000 ya mwaka 2021 na ya leo ni tarakimu ile ile, lakini mfuko wa saruji na gunia la mchele havikusimama, na hatifungani hii itaiva nikiwa na miaka 76. Anayekula kuponi yote atakuta mtaji wake umepungua nguvu taratibu bila yeye kuguswa na mtu. Kuiuza kabla ya muda kunawezekana katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila riba za sokoni zikiwa zimepanda, bei hushuka, na mgonjwa ndani ya nyumba hasubiri bei ipande. Hatifungani hiyo hukubalika pia kama dhamana ya mkopo, jambo ambalo kwa mstaafu naliona kama mlango wa dharura usiofaa kuzoewa.

Kwa sababu hiyo milioni 12 zilizobaki sikuziunganisha na zile 20. Milioni 10 nilinunulia vipande, yaani sehemu ya umiliki, vya Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayowekeza kwa pamoja fedha za watu wengi; mfuko huo kwa kiwango hicho hutoa gawio kila mwezi, na milioni 2 nikaziweka Mfuko wa Ukwasi wa kampuni hiyo hiyo, ambako vipande vikiuzwa fedha hupatikana ndani ya siku tatu za kazi. Mapato ya mfuko hayana kiwango kilichofungwa kama kuponi, lakini bili ya maji na umeme huja kwa mwezi, wala haiji kwa nusu mwaka. Ningekuwa naanza upya, ningeipunguza hatifungani hadi milioni 15 na tofauti kuipeleka huko.

Kwa mtu wa miaka 50 hadi 57 mwenye akiba asiyoitegemea kwa ada za watoto, naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye deni la SACCOS au nyumba isiyoezekwa asiiguse kwanza. Kuponi yangu ya nane sikuila: laki nane zimeingia kwenye vipande, na zilizobaki zimelipia tangi la maji ambalo mke wangu amelidai tangu 2019.