TAHADHARI: Huyu "wakala wa barua za jela" hapa Texas ni tapeli, kaondoka na barua ya mama yangu

Jamani nimelizwa. Nimekaa na hili wiki tatu naona haya, nikijiambia nikinyamaza litapita, lakini juzi nimesikia kamfuata mama mmoja wa Kikongo kule Fort Worth na maneno yaleyale aliyonipa mimi. Basi aibu yangu naimwaga. Mkitaka kucheka chekeni, ila mkishamaliza mwambieni na mwingine.

Ya mdogo wangu aliyefungwa mnayajua, siyarudii. Yuko yuniti ileile, yaani gereza lilelile, na joto lao lilelile.

Kwa ambao hayajawafika: toka 2023 barua ya kawaida huku Texas haiingii tena gerezani. Unaipeleka kwenye sanduku la posta Dallas, kampuni yenye mkataba na magereza inaiskani, na ndugu yako anaisoma kwenye tableti. Karatasi yenyewe haioni. Ya wakili ndiyo inakwenda yuniti, na kitabu kikitoka dukani au kwa wachapaji. Meseji na picha unatuma kwa programu, unanunua stempu zao, na stempu moja dola haifiki. Haya yote nilikuwa nayajua. Miaka natuma meseji, miaka naweka hela ya duka lao. Msije mkasema nilikuwa mgeni.

Sasa mama. Mama yuko Pangani, simu yake ya vitufe, macho yanapungua. Tableti kwake ni kitu cha watoto wa shule za kulipia. Akaandika barua kwa mkono wake, kurasa nne za daftari la mistari, wino wa bluu, herufi zile kubwa za mtu aliyesoma ngumbaru. Akaikunja mara nne, ndani akatia asumini. Ikaja na jirani yetu aliyekuwa anapanda ndege kuja kwa mwanawe. Na agizo likaja kwa sauti: "Mwambie mwanangu aishike. Asiisome tu, aishike." Nikamjibu sawa mama. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, maana nilishajua kushika haiwezekani na nikashindwa kumwambia.

Barua ikakaa kwenye pochi yangu siku kumi na moja.

Jumamosi moja, baada ya arobaini ya yule mzee wetu, nje ya zile apatimenti za mtaa wa Bissonnet hapa Houston, watu wanagawiana pilau ya kubeba, mimi nimejifungia kwenye gari nalia kidogo kwa sababu zangu. Kaja huyo tapeli, kagonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeogopa kukuamsha. Mlimwona siku ile, ndiye aliyekuwa anapokea viatu vya wazee mlangoni. Ndiye aliyetia bega kwenye jeneza kabla ya hapo, akasoma Yasini mpaka nikasema huyu kalelewa. Shati jeupe limepigwa pasi, shingoni kamba ya bluu yenye kitambulisho kimegeuzwa nyuma mbele.

"Shikamoo dada."

Umri wetu mmoja, labda yeye kanizidi. Nikaitikia marahaba, mjinga mimi.

"Nimesikia una dogo ndani. Pole sana. Na mimi yamenipitia." Akanyamaza. Hakuuliza kafanya nini. Nyie hamjui uzito wa mtu asiyekuuliza kafanya nini. Hapa mjini kila anayenipa pole anatangulia na swali hilo.

Akaniomba jina kamili la dogo. Nikampa. Akabonyeza simu yake, akanigeuzia kioo: jina, namba yake ya TDCJ, idara ya magereza ya Texas, yenye tarakimu nane, yuniti, kosa, mpaka tarehe ya kustahili paroli, ile ya kutoka mapema kwa masharti. Mwili ukanisisimka. Nikasema huyu yuko ndani ya mfumo. Baadaye mtoto wa dada yangu, miaka kumi na minne, kanionesha ukurasa huohuo kwa nusu dakika akiwa anakula chipsi. Uko wazi kwa dunia nzima, tovuti ya magereza yenyewe, unaandika jina tu. Na mimi nilishawahi kuufungua huo ukurasa! Wakati wa kesi niliufungua kila siku. Lakini kwenye simu yake niliuona mpya, sijui niseme nini.

Kazi yake, kasema, ni wakala wa barua. Kwamba ana makubaliano na chumba cha barua cha yuniti, karatasi zinaingia kwa njia ya zile za wakili, mkono kwa mkono. Nikamtolea ya mama. Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo aliponimaliza. Kaifungua taratibu, kakunjua kurasa, akaziona zile asumini zimeshakuwa kahawia. Kanitazama kwa huruma: "Dada, hizi inabidi zitoke. Harufu hawaruhusu, wala stika, wala karatasi ya rangi. Watairudisha." Akazikung'uta moja moja juu ya dashibodi ya gari langu. Ile iliyonasa kwenye mkunjo akaitoa kwa ukucha ili asichane karatasi.

Na ni kweli! Manukato na stika wamezipiga marufuku tangu 2020. Mtu anayeijua sheria ndogo kama hiyo, na anashika barua ya mama yako kama anashika kitoto, utamshuku kwa lipi? Niambieni nyie wajanja. Tena kanambia mama yake wa Muheza. Nilimuuliza Muheza wapi, akanitajia mtaa na mchungwa.

Hesabu ikaja: dola 60 usajili, 45 stempu, na 75 alichokiita kibali cha lugha. Kwamba barua ya Kiswahili inasubiri mkalimani, na ndiyo maana zangu zinachelewa. Zangu huwa zinachelewa kweli, moja ilimaliza wiki tatu. Nikalipa 180 palepale kwa Zelle, ile ya kutuma hela benki kwa benki kwa simu, kwa jina la mwanamke ambaye simjui. Kasema ni mhasibu. Risiti kaiandika na kaboni chini, akagonga muhuri wa zambarau wenye ndege tai. Aliupulizia ukauke. Mhuni alipulizia muhuri wake jamani, nikiukumbuka ule mdomo damu inachemka.

Siku ya nne: barua imekwama, inataka 220 la sivyo dogo ataandikiwa kosa na paroli itaingia doa. Nikalipa nikiwa foleni ya benki ya chakula, watoto wananisukuma na toroli. Sikuwaza hata kidogo. Neno paroli likitajwa mimi akili inatoka.

Siku ya tisa kaniletea picha. Mkono wa mwanamume umeshika ile karatasi, nyuma yake ukuta wa kijivu. Nililia kazini, bosi kanipa dakika kumi. Nikamtumia mpwa wangu Pangani, nikamwambia kimbia umwoneshe bibi.

Jibu la sauti likaja baada ya saa nzima. Mama hana papara. "Mwanangu, barua ni yangu. Huo mkono wa nani?"

Mdogo wangu ana kovu kwenye kidole gumba, mafuta ya vitumbua yalimrukia akiwa na miaka sita, ngozi imejikunja kama ganda la korosho. Kidole cha kwenye picha laini kama cha karani. Mama macho hana, kaliona. Mimi mwenye macho nimeitazama ile picha mara mia nikaona mdogo wangu.

Na mnajua nilimjibu nini? Nikamwambia labda ni mwanga. Nikamtetea mwizi kwa mama yangu mzazi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku kuliko zile dola 400.

Tena hata bila kovu: hiyo picha kaipiga nani? Simu ya mkononi ndani ya gereza la Texas ni kosa la jinai, mtu anaongezewa miaka. Nilikuwa najua na hilo.

Hakuishia hapo. Keshokutwa yake akaja na 350, eti kapata upenyo, dogo atoke mapema na kifaa cha mguuni cha kumfuatilia, malipo ya kwanza yaingie kabla ya Jumatatu, ikiwezekana kwa kadi za zawadi. Nilikuwa nimeshaanza kukopa. Wallahi nilishamwandikia shoga yangu mmoja, yupo hapa anasoma, yeye ndiye aliyeniambia ngoja dogo apige kwanza.

Dogo akapiga Jumapili. Nikamuuliza barua ya mama umeipata? "Barua gani dada?" Nikamweleza. Kacheka kwanza, halafu kanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa na asumini?" Ndicho alichouliza tu. Hela hakuuliza.

Nilivyompigia yule mhuni simu ikaita mara moja ikakatwa. WhatsApp picha imeondoka, alama ya tiki moja. Kitambulisho chake hatukuwahi kukisoma mbele, si mimi si aliyekuwa naye msibani. Ofisi ya yuniti niliongea nao mwenyewe: hawana wakala, hakuna kibali cha lugha, hakuna mtu anayeingiza karatasi. Benki wakanijibu hela umeituma kwa mkono wako mwenyewe, Zelle ikishapokelewa ni kama umempa mtu taslimu. Nimeshtaki kwenye tovuti ya FTC, tume ya serikali ya kulinda wateja, na ile ya FBI ya utapeli wa mtandaoni, IC3, na kwa wakaguzi wa posta. Nina karatasi zote. Risiti yenye tai ninayo.

Sasa kuna wazee wamenipigia, tulimalize nyumbani, ni mtoto wa watu, ni Mswahili mwenzetu, polisi wa nini. Nasema hivi: simalizi. Mswahili mwenzangu ndiye aliyenimaliza, mzungu asingejua thamani ya asumini kwenye barua. Nataka afungwe. Najua mtaniambia wewe mwenye mdogo gerezani unamwombea mwenzio gereza, ndiyo, namwombea, na wampeleke yuniti isiyo na kiyoyozi mwezi wa nane, na barua za mama yake azisome kwenye kioo. Asipewe mkono msibani. Asiruhusiwe kubeba jeneza la mtu, anayebeba maiti mchana na kuibia wafiwa jioni. Imamu nimeshamwambia atangaze, kasema ataangalia. Aangalie nini?

Mmeniuliza mtamjuaje. Jina alilonipa mimi silo alilompa yule mama wa Fort Worth, kwa hiyo halina maana. Anakuja kwenye misiba. Anajua habari zako kabla hujamwambia, na zote zinatoka kwenye ule ukurasa wa wazi. Pesa anataka Zelle kwa jina la mtu mwingine au kadi za zawadi, na kila siku kuna tarehe ya mwisho. Akitaja paroli au kifaa cha mguuni kata simu hapohapo, paroli hainunuliwi kwa mtu wa mtaani. Wengine hupiga simu wakijiita sajini wa magereza, ni haohao au binamu zao. Stempu nunueni kwenye programu yenyewe, hela wekeni kwa njia zile zile au mani oda ya kwenda Huntsville, barua tumeni Dallas mkiwa mmeandika jina kamili na namba. Mambo mengine nimesahau, nikikumbuka nitaongeza. Na barua ya mzazi, ile asilia, msimpe mtu. Mimi hata kopi sikutoa. Kurasa nne, sijapiga hata picha, sikuisoma mpaka mwisho kwa sababu niliona haikuandikwa kwangu.

Mama nimeshamwambia ukweli, kwa simu, Ijumaa. Kasema haya. Nikamwomba aandike nyingine, nitaipiga picha na kuituma kama meseji, itafika kesho yake. Kasema atatazama mkono ukipata nguvu.

Wewe mwenyewe najua unasoma, maana kuna anayekupelekea. Hela kula. Barua iache kwa yule mama anayeuza mihogo na dagaa pale Bissonnet, ndani ya mfuko wowote, sitamuuliza nani kaileta.